UZI: Burundi haikuzaliwa Berlin. Mipaka yake, na kipande cha Bugufi kilichobaki Ngara

Mwana wa Ruvuvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mwaka juzi nilikwenda ofisi moja kufuatilia kitambulisho. Karani akasoma jina la baba yangu, akaniangalia usoni, akauliza: "Wewe si Mrundi?" Nikamjibu mimi ni Mhangaza wa Ngara, wilaya ya Tanzania iliyo mpakani na Burundi, na baba na babu wote wamezaliwa Bugufi. Akasema, "Si ndio walewale." Nikaambiwa nilete barua ya mtendaji wa kijiji, nikaleta. Nikaambiwa nilete wazee wawili wa kunishuhudia, nikawaleta, mmoja akitembea kwa mkongojo. Kitambulisho nilikipata mwishowe. Lakini swali la yule karani sikuweza kulitua, kwa sababu kulijibu sawasawa kunahitaji kurudi nyuma miaka mia moja na zaidi, na pale dirishani hakuna nafasi ya kueleza hayo. Basi naeleza hapa.

Nianze na ardhi yenyewe. Burundi ina kilomita za mraba 27,834. Mkoa wetu wa Tabora peke yake unaizidi zaidi ya mara mbili na nusu. Magharibi kuna bonde la Imbo, lenye joto, limelala kando ya Ziwa Tanganyika na mto Rusizi unaoteremka kutoka Ziwa Kivu. Bujumbura iko hapo chini. Ukitoka mjini unaanza kupanda mlima papo hapo, na haupiti muda mrefu uko juu ya mita 2,000, kwenye mgongo wa milima unaogawa maji. Tone la mvua likiangukia magharibi mwa mgongo huo, linaingia Tanganyika, linapita Kongo, linaishia Bahari ya Atlantiki. Likiangukia ng'ambo ya pili, huku katikati ya nchi, linaanza safari ya kwenda Misri. Pale Rutovu, kusini mwa Burundi, Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo mwaka 1938 kuonyesha chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote.

Maji hayo ya Rutovu yanaingia mto Ruvyironza, kisha Ruvubu. Na Ruvubu, wakuu, ndiyo Ruvuvu yetu. Inavuka mpaka na kuingia Ngara, inapita mashariki mwa vilima vya Bugufi, inakwenda kukutana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Nimekulia kwenye maji hayo.

Sasa ukichukua ramani, ufuate mpaka wa Burundi na Tanzania kutoka kaskazini, utaona jambo. Mpaka unaanzia kwenye Kagera, halafu unaacha mto mkubwa na kuanza kupita kwenye vijito na juu ya vilima, mpaka uikute Ruvubu huko kusini. Vile vilima vilivyobanwa kati ya mstari huo na mto Ruvuvu ndivyo Bugufi. Mji wa Ngara uko humo, Kabanga iko humo. Watu wake ni Wahangaza, na lugha yao Mrundi wa Muyinga anaielewa bila mkalimani.

Kwa nini mstari umepita hapo usipite mtoni? Nitaendelea jioni, nina kazi ya watu.

---

Kijana wa Kibaha

Mkuu, uzi mzuri, tunasubiri. Ila mimi nilivyofundishwa, wazungu walikaa Berlin 1884 na 1885, wakachukua rula na penseli wakagawana Afrika. Burundi nayo si ilitengenezwa hapo hapo? Yaani kabla ya Wajerumani kulikuwa na nchi inaitwa Burundi kweli?

---

Mwana wa Ruvuvu

Mkuu Kijana wa Kibaha, ilikuwepo, na ndiyo sababu nimeandika kichwa cha uzi hivyo.

Burundi ilikuwa ufalme. Mwami, yaani mfalme, Ntare Rugamba, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliupanua karibu kufikia ukubwa tunaoujua, na Bugufi ikawa chini ya utawala huo. Aliyemfuata, Mwezi Gisabo, alitawala muda mrefu mpaka alipofariki 1908. Ufalme ulikuwa na ngoma takatifu, Karyenda, na kila mwaka mwami alifungua msimu wa kupanda mtama katika sherehe ya umuganuro. Mtu wa Bugufi alijua mwami wake ni nani kabla Mjerumani yeyote hajaiona Ruvuvu.

Ila rula unayoisema ilikuwepo pia, na ilifanya kazi mbaya kuliko ile ya Berlin. Agosti 1885, miezi michache baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya dola yake ya Kongo. Kwa upande huu alipiga mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo 30 mashariki inakutana na latitudo 1 na dakika 20 kusini. Hakuna mzungu aliyekuwa amefika na kupima huko ndani. Uchore mstari huo leo: Cibitoke yote, kaskazini-magharibi mwa Burundi, inaangukia Kongo, msitu wa Kibira unakatwa, na huko Rwanda sehemu yote ya kuelekea Ziwa Kivu inakwenda. Falme mbili zilipasuliwa kwenye karatasi na wenyewe hawana habari.

Mstari ule haukudumu, lakini haukuondolewa kwa kuwahurumia Warundi. Wajerumani walipofika kwa miguu na kujenga kituo Usumbura (Bujumbura ya leo) mwaka 1897, waliona kwamba ukifuata Rusizi na Ziwa Kivu wao ndio wanaopata ardhi zaidi. Wakavutana na watu wa Leopold miaka mingi, wakawekeana mpaka wa muda 1899, na mwaka 1910 wakakaa Brussels, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, wakamaliza. Mpaka ukawa Rusizi, katikati ya Ziwa Kivu, kisha vilele vya volkano hadi Sabinyo. Kwa Burundi hesabu hiyo ilitoka vizuri, maana Rusizi ulikuwa karibu na ukweli wa ufalme. Wanyarwanda walipoteza kisiwa cha Idjwi kwa Wabelgiji na Bufumbira kwa Waingereza wa Uganda.

Neno moja pembeni, maana linanishangaza kila nikilikumbuka. Mwaka 1903 kapteni wa Kijerumani, Robert von Beringe, alimshambulia Mwezi Gisabo na kumlazimisha kukubali mkataba uliofanyika mahali paitwapo Kiganda, hukohuko Burundi, tarehe 6 Juni, na kulipa ng'ombe 424. Mwaka uliotangulia mtu huyohuyo alikuwa amepanda Sabinyo na kupiga risasi sokwe wawili. Leo sokwe wa milimani wanaitwa kwa jina lake katika sayansi, beringei. Aliyemtesa mwami wetu, dunia inamkumbuka kwa wanyama aliowaua.

---

Mzee wa Ujiji

Mwanangu Mwana wa Ruvuvu, umeeleza vyema. Niongeze la huku kwetu.

Kabla ya Wajerumani, Ujiji alikuwepo Rumaliza, jina lake hasa Mohammed bin Khalfan. Alitafuta njia ya kuingia Burundi kwa bunduki kupitia kaskazini ya ziwa. Pande nyingine za ziwa hili biashara ya watumwa iliangamiza vijiji, lakini Burundi majeshi ya Gisabo yalimzuia. Wazee wetu walisimulia kwamba watu wa mlimani walikuwa wengi mno na walikuwa na mfalme mmoja. Hilo ndilo jibu la kijana anayeuliza kama kulikuwa na nchi.

Jingine, watu wengi hawajui kwamba Wabelgiji waliwahi kutawala hapa Kigoma. Mwaka 1916 walitoka Kongo, wakachukua Burundi na Rwanda, Septemba wakaingia Tabora. Kigoma na Ujiji walikaa mpaka 1921 ndipo wakawakabidhi Waingereza. Lakini hawakuondoka mikono mitupu. Walipewa eneo la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam, likaitwa Belbase, wakodishe milele kwa faranga moja kwa mwaka. Mwalimu Nyerere alipochukua nchi alikataa kabisa. Alisema Tanganyika huru haifungwi na ahadi ya milele ambayo mkoloni alimpa mkoloni mwenzake. Msimamo wake huo unasomwa mpaka leo katika sheria za kimataifa.

---

Mwana wa Ruvuvu

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana, umenifungulia mlango wa nilipotaka kufika.

Watu wanadhani Wabelgiji walipigania Burundi kwa sababu waliitaka. Hawakuitaka hivyo. Walichokitamani ni ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, uliokuwa mali ya Wareno wa Angola. Hesabu yao ilikuwa: tushike ardhi ya Wajerumani, tumpe Mwingereza, Mwingereza amfidie Mreno, Mreno atupe ukingo wa mto. Mreno akakataa. Wakabaki na Rwanda na Burundi mikononi. Nchi mbili zenye wafalme na mamilioni ya watu ziliwekwa mezani kama mtu anayeweka saa yake rehani dukani.

Na Mwingereza alikuwa na tamaa yake ya zamani, ambayo ndiyo iliyoikata Bugufi: njia ya kutoka Cape hadi Cairo bila kukanyaga ardhi ya mwingine. Fuateni hapa, maana ni tamaa moja iliyorudi mara tatu. Mwaka 1890, katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani, Waingereza walitaka ushoroba kati ya Ziwa Tanganyika na Uganda, Wajerumani wakakataa. Mwaka 1894 wakapitia kwa Leopold: wakakodi kwake ukanda wa upana wa kilomita 25 kutoka Tanganyika hadi Ziwa Edward. Ujerumani ikapiga kelele, na ndani ya wiki chache kifungu hicho kikafutwa. Mara ya tatu ni 1919, Mjerumani ameshashindwa vita, hakuna wa kuwazuia.

Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikubaliana na Pierre Orts wa Ubelgiji. Rwanda na Burundi ziende Ubelgiji, lakini ukanda wa mashariki ubaki kwa Mwingereza, reli ipate pa kupita magharibi mwa bonde la Kagera. Ukanda huo ulichukua Gisaka ya Rwanda. Bugufi ya Burundi nayo ikabaki Tanganyika.

Sasa angalieni nani alikuwa kwenye kiti cha Burundi siku hiyo. Mwami Mutaga, aliyemfuata Gisabo, alikuwa amefariki mwishoni mwa 1915, na mwanawe Mwambutsa alitawazwa akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1919 alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Ndiye mwenye nchi, anacheza uani, na watu wawili wa Ulaya wanaamua ni vilima vipi vitabaki vyake.

Rwanda mambo yalikuwa tofauti. Mwami Musinga alikuwa mtu mzima, akalalamika, na wamisionari wa Kikatoliki waliokuwa na sauti Ulaya wakamtetea. Waingereza waliishika Gisaka mwaka 1922, lakini Shirika la Mataifa likasikiliza, na mwisho wa 1923 Gisaka ikarudi Rwanda. Mpaka ukahamishiwa mto Kagera.

Bugufi haikurudi. Iko kusini mwa Kagera, kwa hiyo kuhamishia mpaka mtoni hakukuisaidia kitu. Na kwa maoni yangu, ilikosa wa kuisemea. Baadaye Mwambutsa alipokua aliidai, asipewe. Mwaka 1934 Uingereza na Ubelgiji wakatia saini mkataba uliouelezea mpaka kijito kwa kijito, na ndio huo tunaoishi nao.

Reli yenyewe haikujengwa. Nimepanda vilima vyote vya Bugufi tangu utoto, hakuna tuta wala taruma moja.

---

Nyota ya Muyinga

Mwaramutse, ndugu yangu Mwana wa Ruvuvu. Mimi ni Mrundi wa Muyinga, sasa naishi Canada. Nimesoma uzi huu usiku wote na machozi yamenitoka.

Nyanya yangu alizaliwa upande wenu, akaolewa upande wetu. Kwake mpaka haukuwa kitu cha kuuliza. Alikuwa anasema "nakwenda nyumbani", anabeba kikapu chake kichwani, anashuka bondeni, anapanda, kafika. Mwaka 1972 watu wa kwetu walipouawa, ni njia hiyohiyo ya kwenda harusini ndiyo iliyowaokoa. Na 1993 tena. Mimi mwenyewe nilibebwa mgongoni kwenye njia hiyo, nikala uji wa watu wa Ngara ambao hawakutuuliza hati.

Kwa hiyo mimi nina swali gumu. Ule mstari wa Milner na Orts ulikuwa dhuluma, nakubali. Lakini kama Bugufi ingebaki Burundi, sisi siku ile tungekimbilia wapi? Tungelazimika kutembea mbali zaidi, na mama yangu asingefika.

---

Kijana wa Kibaha

Dada Nyota, pole sana. Sikuwa nimewahi kuufikiria mpaka kwa namna hiyo.

---

Mlinzi wa Bonde

Mleta uzi, naomba uweke wazi. Unataka kusema Bugufi irudishwe Burundi? Maana huu ni uchochezi, na sisi ardhi yetu hatugawi. Kesho Malawi nao watakuja kudai Ziwa Nyasa.

---

Mwana wa Ruvuvu

Mkuu Mlinzi wa Bonde, umeuliza kwa haki na nitajibu wazi: hapana. Sitaki, na simjui Mhangaza anayetaka. Babu yangu alilipa kodi Tanganyika, baba yangu alipiga kura Tanzania. Kahawa yetu inauzwa Tanzania, shule tulizosoma ni za Tanzania, na lugha ninayokuandikia ndiyo niliyofundishwa darasa la kwanza Ngara. Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo wakaamua kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Mwalimu alikuwa mstari wa mbele katika hilo. Naamini walifanya sawa. Kila nchi ikianza kudai vilima vya babu zake, damu haitakauka, na Maziwa Makuu tumeona ya kutosha.

Ninachodai ni kingine. Mpaka tuliourithi tumeukubali wote, basi tukubali na watu waliokuja nao. Huwezi kusema "Bugufi ni Tanzania" ukiwa unazungumzia ardhi, halafu mtu wa Bugufi akija dirishani na jina la Kihangaza unamwambia ni mgeni. Jina langu linafanana na la Mrundi kwa sababu babu zetu walikuwa chini ya mwami mmoja. Mwaka 1919 mstari ulipita juu ya nyumba zao wakiwa wamelala ndani. Hawakuvuka popote. Aliyevuka ni mpaka.

Karani anayefanya kazi mkoa wa Kagera au Kigoma angefundishwa hili siku ya kwanza kazini. Si Wahangaza tu. Waha wa Kigoma wanaulizwa swali hilohilo, na wao mpaka mrefu wa Burundi upo mlangoni kwao, hadi kwenye mto Malagarasi.

Dada Nyota, swali lako limenikalisha kimya siku nzima. Sina jibu zuri. Mstari uliochorwa kwa ajili ya reli ya mtu mwingine ulikuja kuwa mahali pa kuvukia kuokoa roho, na waliouchora hawana shukrani yoyote kwa hilo. Shukrani ni za waliokupikia uji. Nami nakumbuka, nilikuwa mdogo, mama alikuwa anapika sufuria kubwa kuliko watu wa nyumbani, na nilipouliza alisema wageni ni wa kwetu.

---

Darasa la Saba B

Wakuu, samahani nimechelewa. Kule mpakani kuna alama yoyote inayoonekana? Au mtu unavuka bila kujua?

---

Mwana wa Ruvuvu

Mkuu, kwenye barabara kuu huwezi kukosea, Kabanga kuna kituo cha pamoja, ng'ambo ni Kobero, malori yamepanga foleni ya kwenda Bujumbura. Lakini huko vilimani vigingi vya zamani vilikuwa vichache na mbalimbali. Vingine vilifunikwa na majani, na watu walilima mpaka ng'ambo bila kujua. Ndiyo maana nchi zetu mbili zilianza kazi ya kuhakiki mpaka na kuweka vigingi vipya. Marais Kikwete na Nkurunziza waliizindua mwaka 2014.

Shamba la shangazi yangu liko karibu kabisa na kigingi kimoja. Anaanika maharage kando yake kwa sababu zege linashika joto. Watoto wake wana ndugu bonde la pili, na jioni mkisimama hapo mnasikia ng'ombe wa Burundi wakiitwa nyumbani, kwa majina yaleyale tunayowaita wa kwetu.

Dada Nyota, kama una jina la kijiji alikozaliwa nyanya yako, nitumie kwa ujumbe wa faragha. Desemba nakwenda nyumbani, nitauliza wazee.

---

Nyota ya Muyinga

Nimekutumia, ndugu yangu. Alikuwa anataja pia mti mkubwa wa umuvumu karibu na kisima. Sijui kama bado umesimama.